Redio Juu ya Pampu

Jumanne

Bado nacheka. Ule mfumo mpya tuliowekewa kwenye simu, unaotabiri mashine itakayoharibika, umenisumbua tangu wikendi: pampu ya maji ya Ekalakala inatetemeka vibaya, itakufa. Leo nikapanda boda na spana zangu zote, roho juu. Hiyo pampu ikizima, soko zima halina maji.

Nikamkuta mlinzi, Mzee Musyoka, amefunga redio yake kwa waya juu ya mota, karibu kabisa na kile kidude cha kupima mtetemo. Muziki wa benga unanguruma!

"Wi museo, fundi? Hii pampu niko nayo peke yangu, lazima tuchangamke," akanisalimu kwa Kikamba chake.

Nilicheka mpaka machozi. Papo hapo nikamwandikia bosi: mfumo wako unaogopa muziki.

Kisha mzee akazima redio ili tuongee. Nikainamisha sikio. Ndani ya mota, beringi ilikuwa inasaga kama jiwe la kusagia.

Nimeibadilisha, maji yanatoka, asante Mungu. Lakini ule ujumbe... Bosi ameshausoma, amecheka, amewatumia mafundi wote. Kesho itabidi niwaambie kwamba aliyekuwa hasikii ni mimi.