Mbwa Aliyestaafu Mbio

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Newala sote wazima. Korosho zimeanza kudondoka, na mama yako bado ananigombeza kama mtoto.

Nimecheka kusikia kwamba huko Uingereza hata mbwa wa mashindano ya mbio hustaafu, nawe umemchukua mmoja umfuge. Unasema wako anasusa bakuli la asubuhi, ingawa daktari hakumkuta na ugonjwa, na unaniuliza umlishe nini.

Nilipokuwa msichana kule Chilangala, mwindaji jirani yetu alishindwa na miguu, akatuachia mbwa wake. Kila asubuhi mama alimwekea ugali na mchuzi wa dagaa. Mbwa anautazama, anageuza shingo. Mbavu zikazidi kutokeza. Baba akasema, "Huyu anamlilia bwana wake. Atakufa."

Siku moja akatufuata shambani kuokota korosho. Akazunguka nasi shina kwa shina, akinusa. Tuliporudi, alilamba chungu mpaka kikang'aa.

Tulipomsimulia mwindaji, alitushangaa sisi. "Mbwa wa kuwinda hali kabla ya kazi. Akishiba, atakimbiaje?"

Basi usihangaike kumbadilishia chakula. Mtembeze kwanza, taratibu, apumzike kidogo, ndipo umwekee bakuli.

Mama yako naye ananiambia nikae tu, chai ataniletea chumbani. Namwitikia vizuri. Akishaondoka kwenda kazini, nachukua kikapu changu nakwenda kuokota korosho. Nikirudi, ndipo chai ina ladha.

Bibi yako wa Newala