Ladha ya Jiwe Jeusi

Kambi ya mlimani, Antaktika (kwa barua pepe)
18 Januari

Shikamoo Baba,

Hujambo huko nyumbani Bodø, Norwe? Mgongo je? Mimi na mtafiti mwenzangu Eivind wazima, ila baridi inatutia adabu. Wenzetu wa kituo cha utafiti wanataka turudi leo, dhoruba inakuja. Nimewaomba watuachie hadi kesho. Ng'ambo ya barafu kuna mwamba mweusi ambao hakuna aliyewahi kuufikia. Mwamba huo ukilingana na ule wa Msumbiji, ndio ushahidi wangu kwamba Antaktika na Afrika zilikuwa nchi moja kabla hazijaachana. Msimu unakwisha, Baba. Nikiukosa sasa, sidhani kama watanileta tena.

Mwanao,
Ingvild

Bodø, 18 Januari

Marahaba mwanangu,

Mgongo unalalamika kama kawaida yake. Rudini kituoni! Mwamba umekaa hapo tangu enzi na enzi, hauna pa kwenda. Barafu hiyo ina mipasuko chini ya theluji, na Eivind anajua. Na ukikaidi, maana nakujua, usilambe jiwe. Sisi wanajiolojia, watu wa mawe, hatuwezi kuona jiwe tukaliacha bila kulilowesha kwa ulimi ili tuone chembe zake. Huko ulimi utaganda palepale, nami nitaletewa binti bubu.

Baba

Bodø, 19 Januari, jioni

Ingvild mwanangu,

U mzima? Nijibu hata neno moja. Torunn wa kituoni amenipigia. Anasema redio yenu inatoa "mmm, mmm" tu, wenzake wanadai ni upepo. Hawajui mko kambini au ng'ambo, na katika dhoruba hii hawawezi kutafuta kote. Nimemwambia, "Upepo gani! Huyo binti yangu, kalamba jiwe! Muulize maswali: mguno mmoja ndiyo, miwili hapana." Akasema, "Mzee, una uhakika?"

Sina. Naogopa sana.

Baba

Kituoni, 23 Januari

Shikamoo Baba,

Naandika kwa sababu kuongea bado siwezi. Nililamba. Ngozi ya ulimi ilibaki kwenye mwamba. Wakati wa kurudi Eivind akatumbukia kwenye mpasuko, kamba ikamshika. Niliifunga kwenye pikipiki ya theluji, nikaita na kuita redioni, hakuna aliyenielewa. Nilishakata tamaa. Ndipo Torunn akauliza, "Ingvild, umelamba jiwe?"

Niliguna mara moja, nikalia. Akaendelea kuuliza mpaka akajua tulipo, wakaja kututoa. Eivind amevunjika mguu, lakini anakula na kunicheka.

Mkoba wake, wenye jiwe tulilolikata, ulizama mpasukoni. Sina ushahidi wowote, Baba. Nimebaki na ladha yake tu: chumvi, chuma na damu.

Nakuja nyumbani.

Binti yako bubu