Mzee Anayeshika Futi

Jumatatu, 4 Agosti

Nimefagia uwanja, nimechemsha uji, nimepiga pasi shati la Masunga. Kola imesimama. Ni la mitumba, lakini ukimwona utasema limetoka dukani jana. Leo kaanza kazi. Halmashauri imemchukua kibarua wa kupima nyumba. Zamani kila nyumba hapa Bariadi ililipa kodi sawasawa, ya bati na ya nyasi, ya tajiri na ya mjane. Sasa kuna utaratibu mpya. Wanapima urefu na upana, wanatazama paa, wanaandika jina la mwenye nyumba. Kubwa italipa zaidi. Na anayepima ni mwanangu. Nilimsindikiza mpaka barabarani ingawa hakuniomba. Nilitaka watu waone.

Jumanne, 5 Agosti

Jirani yangu Mama Kabula amebomoa baraza yake kabla haijapimwa. Leo kakaa juani anachambua mlenda. Kaniambia, "Hivi Mama Masunga, ulizaa mtoto au ulizaa kodi?"

Nikamwambia, "Nilizaa mwenye kazi. Wa kwako anacheza bao."

Kacheka, na mimi nikacheka. Lakini baraza ile ndiyo tulikuwa tunakaa sote jioni. Nimekosa pa kukaa na mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Masunga karudi na vumbi mpaka kwenye kope. Futi yao ni ya utepe, ndefu, haipimwi na mtu mmoja. Mwenzake kaacha kazi, watu walimfungulia mbwa. Nikamuuliza sasa nani anakushikia upande wa pili. Kasema kuna mzee mmoja. Anamkuta kila nyumba. Anachukua ncha ya futi, anaikanyaga kwa kidole gumba cha mguu, anatulia. Hasemi neno. Hajaomba hata soda.

Nimewatangazia wanawake wote kisimani. Mwanangu hata wazee wanamtumikia.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nimemuuliza Mama Kabula, yule mzee anayesaidia kupima ni wa ukoo gani. Kasema mzee yupi. Masunga alikuja kwake peke yake. Akaweka ncha ya futi chini kwenye kona, akavuta, na ncha haikutoka. Mama Kabula alidhani imebanwa na jiwe. Akaenda kuangalia.

Hapakuwa na jiwe.

Sikula mchana.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemuuliza Masunga huyo mzee yukoje. Akaeleza huku anakula, hana habari. Mrefu. Kajifunga kaniki. Ana bangili ya shaba. Anachechemea mguu wa kulia, na sikio moja limechanika.

Nikaweka mwiko chini.

Ni baba mkwe wangu. Sikio lile alichanwa na pembe ya ng'ombe. Alikufa mwaka wa Operesheni, tulipohamishwa kwenda vijiji vya serikali, Masunga akiwa bado tumboni. Hakupigwa picha hata moja. Hakuna wa kumweleza mtoto sikio lile, na mimi sikuwahi kumweleza.

Naogopa. Naandika kwa sababu hapa hakuna atakayenicheka.

Alhamisi, 14 Agosti

Nyumba za mjini zimekwisha. Wenzake wamekabidhi vitabu vyao vya vipimo, yeye bado. Anasema mzee kamwonyesha kwa mkono upande wa mashambani, kwamba nyumba bado zipo. Njia ile naijua. Huko ni kwetu kwa zamani, sisi na kina Mama Kabula. Sasa ni mahame. Nyumba zilivunjwa siku ile ile tuliyopakiwa kwenye lori. Imebaki minyaa iliyokuwa uzio, na mawe ya kusagia. Hata wachunga ng'ombe hawapumziki pale.

Nimemkataza. Kasema, "Mayu, mama yangu, ni kazi."

Neno hilo la kazi nimelisema kwa majivuno tangu Jumatatu ile. Leo nimelichukia.

Jumamosi, 16 Agosti

Anaondoka asubuhi, anarudi jua linazama. Hali chakula. Amekonda. Shati naliacha limepigwa pasi, halivai. Anatumia Kisukuma cha zamani, maneno ya wachunga ng'ombe ambayo marehemu mume wangu alikuwa nayo. Mimi sikumfundisha. Nilimshika mkono. Wa baridi kama mtungi, na jua hili.

Jioni bwana wake wa kazi kaja kuuliza. Kakuta kitabu kimejaa nyumba ambazo hazipo. Vyumba, maghala, mazizi, vipimo vyote. Mahali pa jina peupe, ukurasa baada ya ukurasa. Kasema kijana asiporipoti Jumatatu, kazi hana. Kazi wachukue. Mimi namtaka mtoto wangu.

Mama Kabula kaja, kakaa na mimi ndani. Hakunitania hata kidogo. Hiyo ndiyo imenitisha zaidi.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda misa. Nimemfuata.

Saa sita, jua la utosi, hakuna kivuli. Vumbi lilikuwa linazunguka kule mbali, lakini ndani ya minyaa hapakuwa na upepo kabisa. Masunga kasimama pale ilipokuwa nyumba niliyoolewa. Futi imevutwa, imekaza. Upande wa pili hakuna mtu. Nyasi za pale zimelala, kama zimekanyagwa.

Nikapiga magoti. Sikufikiri, magoti yalikwenda yenyewe. Ndivyo nilivyokuwa nafanya mbele ya baba mkwe.

Masunga hakunitazama. Kasema, "Mayu, hii ni ya nani? Haniachi mpaka niandike jina."

Yeye hajui. Mume wangu alikufa mapema, na nyumbani babu alitajwa kwa jina la sifa tu, la ng'ombe wake. Jina lenyewe nabaki nalo mimi. Na kwetu mkamwana hamtaji mkwe wake. Nimeolewa, nimezaa, nimefiwa, sijalitamka. Kuna mti ambao jina lake linafanana na lile, nauita kwa jina jingine mpaka leo. Kanisani wakiombea marehemu, namtaja kimoyomoyo kama baba wa mume wangu.

Mwanangu alikuwa ametoka mifupa ya mabega. Midomo imepasuka.

Nikalitaja. Mara moja, kwa sauti, macho chini. Ulimi ulikuwa mzito kama nimekula udongo. Masunga akaandika. Futi ikalegea, ikaanguka kwenye nyasi.

Baadaye akaikunja. Njiani kasema ana njaa.

Jumatano, 27 Agosti

Masunga ananenepa. Analala mpaka jua linapanda, nami simwamshi. Kazi imekwisha, kitabu kamkabidhi karani. Mzee hamtaji tena.

Leo wamebandika majina ya wenye nyumba watakaolipa kodi. Kwa utaratibu huu mpya wengi wameguna pale ukutani. Zile nyumba zisizo na jina karani kaziruka. Ya baba mkwe kaipitisha, hakuuliza. Nyumba ya udongo, paa la nyasi, vyumba vitatu. Jina lake liko katikati ya walio hai. Kijana mmoja alikuwa anawasomea wasiojua kusoma. Alipolifikia niliinamisha kichwa.

Nitailipia mimi. Nimemwambia Mama Kabula ilikuwa nyumba kubwa kuliko zote upande ule, na ni kweli.

Hakubisha. Alikuwa anatazama karatasi ukutani, isiyo na jina la mzee wa kwao hata mmoja. Halafu kaniuliza polepole kama Masunga bado anayo ile futi.

Nimemwambia tutakwenda kule mahameni sisi wawili. Mtoto abaki alale.