Zamu ya Maji ya Wasiokuwepo

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila salamu utaninunia hata huko uliko.

Huu ni mwezi wa tatu sasa tangu tukuzike kando ya mama. Vuli imekawia, bwawa letu la ndiva lina maji nusu, na usimamizi wako wamempa Kiondo, mtoto wa shangazi. Anagawa zamu kwa kuangalia simu. Ungemcheka mpaka ukohoe.

Kuna jambo limenikaba, baba, acha nilitoe.

Ile asubuhi majirani walikuja wamefura kwa sababu ulifungulia maji ya ndiva kwenda shamba la Mzee Senkondo. Mzee Senkondo alikufa nikiwa darasa la tano na shamba lake ni pori tupu. Maharage ya watu yanakauka, na wewe umesimama pale, mkono unatetemeka, unasema, "Alikuja mwenyewe kuomba. Zamu ni yake." Hukuwa unatania. Kila alasiri uliwaona wakija kukaa kwenye benchi la barazani, wote marehemu, wakingoja maji kwa adabu. Ulinitajia majina yao kwa mpangilio. Wa mwisho alikuwa mama. Yeye hakuomba maji, alikuja kukaa tu.

Niliogopa. Nikashuka hospitali ya Same, mimi mwalimu wa biolojia niliyedhani naujua ubongo kwa vile nauchora ubaoni. Daktari akanieleza taratibu. Kutetemeka kwako kulitokana na upungufu wa dopamini, kemikali ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili, na dawa ulizokuwa unameza zilikuwa za kuiongeza. Lakini dopamini haijitawali. Serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ina vipokezi vya aina nyingi, vingine vikiguswa huibana dopamini, vingine huiachia. Na kipo kimoja ambacho kikichangamka kupita kiasi huichochea glutameti, ile kemikali ya kuamsha seli, na mtu akaanza kuona wasiokuwepo. Akanipa kidonge kidogo cha kukituliza kipokezi hicho. Nilimwambia, kumbe serotonini nayo ni msimamizi wa ndiva, kazi yake kuamua maji yaende kwa nani. Tukacheka. Nilicheka, baba, na kidonge chako kiko mkononi.

Likizo ile ya Juni nilikupa mwenyewe kila asubuhi, baada ya uji. Kikafanya kazi. Akaondoka Senkondo, wakafuata wengine, mmoja mmoja, na wewe unaniarifu kila jioni nani hakufika leo. Majirani wakapata maji yao, wakanishukuru. Kisha siku moja uliliangalia benchi kwa muda mrefu sana, ukaniuliza, "Nakunda, mama yako umemkataza?"

Nikakujibu kwamba mama hakuwepo. Hakuwahi kuwepo. Nilikujibu kwa sauti ya darasani.

Hukuniuliza tena. Ukala kidogo, ukalala sana, mpaka Agosti ukaenda zako. Daktari anasema ni ugonjwa, si kidonge. Namwamini. Lakini kilichonikaba si kidonge, ni lile jibu. Ulikuwa na mtu wa kukaa naye alasiri, nikakuambia hukuwa naye.

Sasa sikia. Jana, saa kumi, nilikuwa barazani napembua maharage, jua linawaka. Mbwa wako alikuwa amejilaza mbele ya ngazi. Akainuka. Akasogea pembeni, akatikisa mkia, akasogea tena, vile anavyowapisha watu wanaopanda. Hakubweka. Nimekaa ncha moja ya benchi, baba, na ile ncha nyingine ikazama kidogo, kama vile kuna mtu mzito amekaa. Halafu ikazama tena, taratibu, safari hii kama kwa mtu mwepesi.

Mimi siumwi. Simezi dawa yoyote. Nilimpigia daktari, akasema msiba humfanyia mtu hivyo, ikizidi nishuke anione. Nikamwitikia vizuri. Sikumwambia kwamba sikugeuka kuangalia, kwa sababu niliogopa kukuta hakuna mtu.

Vidonge vyako vilivyobaki nitavirudisha hospitali Jumatatu. Na leo saa kumi nitakaa palepale. Nisamehe, baba. Msalimie mama, au kama mmekuja wote, nitamsalimia mwenyewe. Nakuahidi kitu kimoja: benchi likizama, sitamwambia mtu yeyote kwamba hakuna aliyekaa.

Mwanao,
Nakunda