Gumbuti za Opiyo

Awiti uko? Nimetoka kwa guka, babu yangu, huko Kiganjo saa hii na bado siamini.

Unajua vile kanisani husema guka Bedan alipigania wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi Thika, 1958? Ulikuwa WIVU. Amekiri mwenyewe mbele ya pasta.

Na aliyeonewa wivu ni babu yako Opiyo!!

Sikia. Wote walifanya kazi bila viatu kwenye maji ya chokaa, miguu imebabuka. Stoo kulikuwa na gumbuti, zile buti za mpira, pea moja tu, za kuonyesha mkaguzi wa serikali. Akienda, zinarudi stoo.

Siku moja mkaguzi akaja, nyapara akamvalisha Opiyo. Bedan akamwona akitembea kama bwana harusi, wivu ukamchoma kuliko ile chokaa. Kwani Opiyo ni nani? Si Bedan ndiye alitangulia kuandikwa?

Mkaguzi alipomkaribia Opiyo, Bedan hakungoja kuulizwa. "Bwana, hizo si zake! Ni za stoo, amepewa leo asubuhi!"

Alitaka tu Opiyo azivue mbele ya watu. Hiyo tu, Awiti!

Yule mkaguzi, Mzungu, akaangalia miguu ya Bedan, akaandika, akamgeukia meneja kwa sauti, wote wasikie: "Kila mtu napata buti mwezi hii. Na hizi hapana rudi stoo. Huyu nakaa nazo."

Wiki tatu Bedan alingoja zake, akimsikia Opiyo kwap, kwap, kwap.

Pasta akamuuliza kama ametubu. Guka akasema, "Nimetubu. Lakini zake zilikuwa zinang'aa kuliko zangu."