Nilianua mpunga kwanza

Jumatano, tarehe 11 Februari. Leo natimiza miezi minane na siku sita tangu niondoke Nyangwe. Mvua imekatika lakini mawingu hayajaondoka. Niko hospitali ya Wamaza, nimekaa juu ya tofali nje ya chumba cha upasuaji, nguo zangu zimejaa tope la njiani. Ndani wanampasua mtu ambaye kwenye karatasi ni ndugu yangu.

Si ndugu yangu.

Hata jina lake silijui. Kule shimoni tunamwita Kizibo, kwa sababu kazi yake ni kuziba kwa udongo pale maji yanapopenya ukutani. Mtu mfupi, hodari, hasemi. Nimechimba dhahabu naye tangu nilipotoka shimo la Lusangi, karibu miezi mitano, na kwa muda wote huo hajala nasi hata siku moja. Sisi tunachuchumaa kuzunguka sahani moja ya ugali na sombe, majani ya muhogo. Yeye anachukua chakula chake, anakwenda nyuma ya lundo la mchanga na kutugeuzia mgongo.

Kwetu mtu anayekula peke yake anaogopwa kama mchawi. Wenzangu walinong'ona: anaficha nini? Anakula na nani kule nyuma? Mimi sikunong'ona. Siku moja nilisema kwa sauti mbele ya wote, naye anasikia: "Mumuache. Ule si mutu." Watu wakacheka, na nikaona raha kwamba nimewachekesha.

Naandika hili mapema ili nisije nikaliruka.

Leo alfajiri hakushuka shimoni. Tulimkuta amejikunja, anatapika, tumbo gumu kama ubao. Mwenye shimo akaamuru apelekwe Wamaza. Pikipiki hazipiti, kijito kimebeba daraja la magogo. Basi tukafunga blanketi kwenye miti miwili tukapata kipoyi, na sisi wanne tukaambiwa tumfikishe kijiji cha kwanza tu, kisha turudi kazini. Kutoka hapo vijana wa kijiji wangempeleka kijiji cha pili, na wa pili wangempeleka cha tatu. Ndivyo wagonjwa wanavyosafiri huku tangu zamani, mabega kwa mabega, bila malipo.

Tulipofika kijiji cha kwanza, kapita, mkuu wa kijiji, aliuliza swali moja.

"Huyu mugonjwa ni wa nani?"

Mwenzetu mmoja akajibu, "Ni wa shimo, baba."

"Shimo halizai. Nauliza ndugu yake. Akifia kwenye mabega ya vijana wangu, maiti nitapelekea nani? Kesho watu wake watakuja hapa kusema tulimuua."

Hakuwa mtu mbaya. Mgonjwa lazima awe na mtu wake wa kutembea kando ya kipoyi, ndiyo desturi. Asiye na mtu habebwi. Wenzangu watatu wakasema wametimiza walichoagizwa, wakageuka. Nami nilikwisha kushika panga langu niwafuate. Niseme ukweli, nilikuwa nafikiria Nyangwe. Jumamosi ndiyo siku niliyopanga kuanza safari, nifike kwa Mama Zena, mke wangu, kabla ya mfungo. Nimemwahidi mara tatu kwamba narudi, na mara mbili nimeshamdanganya.

Ndipo mvua ikashuka.

Uwanja mzima ulikuwa umeanikwa mpunga. Wanawake wakapiga kelele, kila mtu akakimbia. Nami nikakimbia. Sikufikiri, nimelelewa kwenye mpunga na mkono unajua kazi yake. Nilishika upande mmoja wa mkeka, bibi mmoja akashika upande wa pili, tukapita kando ya kipoyi pale chini. Nusura nimkanyage Kizibo vidole. Alilala chali, mdomo wazi, mvua inamwingia. Macho yake yalinifuata mpaka barazani.

Tukamwaga mpunga pakavu. Bibi akanishika mkono: "Aksanti, baba. Umetuokoa."

Umetuokoa.

Nilisimama pale, punje zimenigandia viganjani. Nilianua mpunga kwanza. Na kama bibi yule angenionyesha mkeka mwingine, ningekwenda kuuchukua na huo.

Nikarudi mvuani, nikavua shati nikamfunika uso, nikasema kwa nguvu ili wote wasikie: "Ni ndugu yangu. Mama mumoja."

Kapita akauliza: "Mbona hukusema?"

"Tuligombana."

Hilo aliliamini mara moja. Akaita vijana wanne.

Kijiji cha pili nilitaja jina langu na la baba, wabebaji wakabadilishana. Mmoja wao, jitu la mabega mapana, akaona rozari shingoni mwa Kizibo. "Weye Saidi, mwana wa Ramazani, na ndugu yako iko na rozari?"

"Mama alituzaa sote," nikasema. "Njia, kila mutu alichagua yake."

"Na baba yenu alinyamaza?"

"Alichoka kugombana naye."

Wakacheka, wakaongeza mwendo. Kila kijiji uongo wangu ulipata jina jipya, mara baba, mara babu, mara mwaka tuliotahiriwa. Tulipokuwa tunavuka mto, maji kiunoni, nikasikia sauti chini ya shati, ndogo, kama inatoka kisimani:

"Saidi, unajua kudanganya."

Ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Hapa Wamaza daktari alimfungua nguo, akaniita kwa hasira. Kiunoni alikuwa amejizungushia kitambaa, kimekazwa mpaka kimemchuna ngozi. "Ngiri hii iko hapa miaka mingi. Munakaa naye, mulikuwa munaangalia nini? Hawezi kuchuchumaa, hawezi kuinama bila kuishika na mkono. Alikuwa anakula namna gani?"

Namna gani.

Nyuma ya lundo la mchanga, amelala ubavu, mkono mmoja umezuia ngiri isitoke, mwingine unakula. Ilikuwa aibu tu. Sisi tukaiita uchawi.

Nikaweka sahihi kwenye karatasi ya upasuaji, na jina la baba yangu likaandikwa kuwa baba yake. Daktari alisema utumbo umenaswa, na huenda kipande kimeoza. Hakuahidi kitu. Wamo ndani saa ya pili sasa.

Nimeacha shule mapema, mambo makubwa siyajui. Nilidhani mtu anajulikana kwa kula na watu. Kumbe mimi niliyekula na watu kila siku ndiye niliyepita kando ya mtu na mkeka mkononi.

Na bado naogopa. Akifa, maiti ni yangu, na sijui kwao ni wapi. Nitaipeleka kwa nani? Barabara iko wazi pale mbele na hapa hakuna anayenijua. Mara mbili nimesimama. Mara mbili nimekaa.

Mlango umefunguka. Muuguzi, mama mnene mwenye viatu vya plastiki, ameita: "Ndugu ya mugonjwa iko wapi? Alete ndoo na shuka."

Nilisimama kabla sijafikiri. Safari hii mkono ulijua jambo jingine.

"Anapumua," akasema. "Tumekata kipande. Siku tatu ndizo zitasema. Usiende mbali."

Mtandao upo hapa karibu na antena, naweka haya hapo watu wayasome kabla sijageuza mawazo. Mama Zena, dada yako akikusomea, usikasirike, au kasirika lakini nisikilize. Jumamosi siji. Mfungo utanikuta Wamaza, nafua shuka za mtu nisiyemjua jina. Akizinduka nitamuuliza jina lake na kwao. Nitamuomba radhi pia, sijui kwa maneno gani.

Kama siku tatu zitasema vibaya, nitampeleka kwao kwanza. Zikisema vizuri, nitarudi Nyangwe siku atakapoweza kuchuchumaa nami kwenye sahani moja.