Frii Saizi na Mgongo wa Mama Hadija

Mama Salama,

Shikamoo. Marahaba yako siisikii tena, ile uliyokuwa ukiitoa na pini tatu mdomoni mpaka mgeni akadhani unamsonya. Mimi mwanafunzi wako niliizoea hivyo hivyo. Siku hizi mtu akiniitikia vizuri naona kama hanipendi.

Cherehani yako iko palepale barazani, hapa Newala, na bado inavuja mafuta. Mwanao Salama hajambo. Kaburi lako tumelipalilia wiki iliyopita. Hayo ndiyo ya heshima, nimeyamaliza. Yaliyobaki ni umbea, na nakuandikia wewe kwa sababu tangu uondoke sijapata mtu wa kusengenya naye anayejua pa kunyamaza.

Naanza na Mama Kelvini. Unamkumbuka, yule binti wa Mkunya aliyeolewa Masasi. Ulimshonea sare ya shule akarudi analia kwamba shingo imepinda, kumbe kaivaa mbele nyuma. Basi huyo huyo sasa ndiye bingwa wa mavazi. Amefungua duka Masasi, na juu ya mlango ameandikisha kwa rangi nyekundu: Mitindo kwa Wanawake Wote. Nikasema ngoja niende nikawaone hao wanawake wote. Nilikuta masanamu manne, yote kiuno kimoja, na hata vichwa hayana. Nguo nazo, ukigeuza hii, frii saizi, eti inamtosha kila mtu, ukigeuza ile, frii saizi. Nikajaribu gauni la kufika miguuni, likaniishia kwenye magoti, na mabega yakagoma kabisa kuingia. Msichana wa dukani akaniambia, dada, mbona hiyo ni frii saizi, kwa sauti ya mtu anayekupa pole ya msiba. Yaani gauni halina kosa, mwenye kosa ni mimi niliyerefuka bila kumwuliza Mama Kelvini. Ungekuwepo ungecheka mpaka ukameza pini.

Na anafundisha pia! Aliwakusanya wanawake Jumamosi moja akawahutubia kuhusu kujiamini, kwamba mwanamke ajipende alivyo, asione haya mwili wake. Alipomaliza akawauzia mikanda ya kubana tumbo. Wanawake wazima, wanaolima, wanaookota korosho, wanaobeba watoto mgongoni na mihogo kichwani, wakatoka pale wanapumua kwa zamu. Wengine walinipitia barazani kuniuliza wafanyeje wakitaka kuinama.

Nimecheka sana. Lakini kuna jambo nililolifanya mimi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nyuzi zako nilizitupa.

Nasema mapema usije ukalisikia kwa mwingine. Unajua wewe hukuwahi kumpima mtu kwa futi. Ulikuwa unamwingiza chumbani, unafunga mlango, unatundika kanga dirishani, kisha unampima kwa uzi: fundo la bega, fundo la kifua, fundo la kiuno. Namba haikutoka mdomoni mwako. "Mwili wa mtu hautangazwi kama korosho mnadani," ndivyo ulivyokuwa ukisema. Kila uzi uliufunga na kipande cha nguo ya mwenyewe ili uujue, ukautia kwenye lile kopo la maziwa. Mimi niliona ni mambo ya kizamani. Nilidhani hujui namba, unaona aibu kusema. Arobaini yako ilipopita tu nilimwaga kopo zima jalalani, nikalijaza vifungo, nikanunua futi ya manjano na daftari.

Nikaanza kuwapima watu palepale barazani, mchana kweupe. Kifua arobaini na sita! Hipsi hamsini na mbili! Nilikuwa napaza sauti ili nisisahau kabla ya kuandika, na vijana wa bodaboda upande wa pili wanaitikia. Wateja wakapungua. Nikasema wamekimbilia mitumba, wamekimbilia Masasi. Mjinga mimi, sikujiuliza hata mara moja.

Ndipo akaja Mama Hadija, yule wa Mkunya mwenye kibiongo, uliyekuwa ukimshonea kila Idi. Hadija wake alikuwa anakaribia kutoka unyagoni. Na wifi yake Mama Hadija ni nani? Mama Kelvini, shangazi wa mwali, ndiye aliyejipa kazi ya kupanga sare. Akachagua kitenge kizuri, simnyimi haki yake, kitenge cha tausi wakubwa. Mshono sasa: gauni la kubana, zipu ndefu mgongoni, wote sawasawa. Na mama mzazi wa mwali? Akapelekewa dera la frii saizi na maneno kwamba siku hiyo akae uani, asimamie masufuria, watu wasije wakamtazama vibaya kwenye ngoma ya mwanawe.

Mama Salama, nililipuka. Nilitukana maneno ambayo wewe ulinikataza. Nikamwambia Mama Hadija, nunua kitenge kile kile cha tausi, niletee, utatoka, utacheza. Nikashona siku mbili. Nikamtolea nguo ya mabega mapana, inaning'inia nyuma kama pazia, na mtandio juu yake, ili kibiongo kisionekane kabisa. Akavaa. Akajitazama kidogo tu, akavua, akaikunja vizuri sana. Akaniambia, "Ahsante Esta, hii nitaivalia kwenye masufuria."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi niliyemcheka mwenye duka nilikuwa nimeshona frii saizi kwa mikono yangu. Nikakimbilia kopo lako, nikakuta vifungo. Mgongo wa Mama Hadija ulikuwa humo, fundo kwa fundo, na kipande kile cha kijani cha Idi, na mimi niliutupa jalalani na kuuchoma pamoja na makombo ya vitambaa. Nililia, Mama Salama. Siku ya mazishi yako sikulia vile.

Kesho yake asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Mkunya na kibunda cha uzi. Futi niliiacha nyumbani. Nikafunga mlango, nikatundika kanga dirishani. Uzi wa mgongo ulizidi wa kifua kwa kiganja kizima. Bega la kulia na la kushoto kila moja lilitaka uzi wake. Nikafunga mafundo yangu. Yeye kaelekea ukutani, akaniambia taratibu kwamba wewe ulikuwa ukiimba kwa pua wakati unampima. Basi nikaimba kwa pua. Unajua ninavyoimba vibaya. Akacheka, na mgongo ukalegea, na hapo ndipo nikapata kipimo cha kweli.

Nilipotandika kitenge kilichobaki mezani nikakukumbuka ukishika mkasi na kunung'unika, "Wataangalia tu. Wape kitu cha kuangalia." Miaka yote ile nilidhani unazungumzia marinda. Nikakata kipande cha mgongo kizimakizima, bila zipu, vifungo nikavileta mbele. Nikamchukua tausi mmoja, mkubwa kuliko wote, nikamkalisha juu ya kibiongo chenyewe, kichwa kinaelekea begani, mkia umemwagika mpaka kiunoni.

Nilimpelekea kwake, na alipovaa akaomba kioo cha pili, aone nyuma. Mimi na jirani yake tukamshikia viwili. Alitazama muda mrefu. Hakunishukuru. Alinyoosha mkono akanitoa pini mdomoni, moja moja, akaniambia nikae nile.

Siku yenyewe Mama Kelvini alikuja na kundi lake wamebanwa kama mihogo kwenye kiroba, yeye mwenyewe kajifunika mtandio mpana mpaka magotini. Zipu zao zilikuwa zimewapasua tausi katikati, nusu huku, nusu huku. Moja iliachia ngoma haijakolea. Mwali alipotolewa, vigelegele vikapigwa, na Mama Hadija akatoka ndani amejitanda kanga mbili. Mama Kelvini akamwendea mbio, akamnong'oneza, mkono unaonyesha uani, kwenye masufuria. Watu wote waliona.

Mama Hadija akavua kanga, akampa mmoja wa wifi zake ashike. Kisha akampa Mama Kelvini mgongo.

Akacheza hivyo hivyo, kinyumenyume, polepole, mpaka alipo mwanawe, na bega likipanda tausi anapanda, bega likishuka tausi anatandaza mkia. Mama Kelvini akabaki kamtazama ndege. Hadija alimwona mama yake akaanza kulia na kucheka pamoja, mpaka kungwi akamkanya. Mimi niligeuka kukutafuta pembeni yangu. Niligeuka kweli, nikiwa na neno la kukuambia.

Watu wamerudi. Mmoja wa Chiungutwa mwenye mguu mfupi, mwingine aliyekatwa titi, na wasichana wanene wawili ambao mama yao aliwaambia wangoje wapungue ndio washonewe. Wakiingia chumbani hawaoni haya tena. Mmoja wa wale wanene ameniletea mshono aliouchora mwenyewe, wa ajabu, mikono kama maua ya boga. Nimemshonea. Anapita nao sokoni kila siku kama hana nguo nyingine.

Vifungo nimevihamisha. Kopo limerudi kazini, na uzi wa kwanza ni wa Mama Hadija, una kipande cha mkia wa tausi. Jalala lilichukua wanawake wako wote, siwezi kukurudishia. Hawa wapya nakuahidi watakaa.

Na sasa umbea wa mwisho. Juzi Mama Kelvini amekuja. Alikuja mchana, watu wamelala, amejifunika mpaka puani. Anataka gauni, la kwake, mshono kama ule. Nikafunga mlango, nikatundika kanga, nikampima. Nilikuta sababu ya yeye mwenyewe kutovaa nguo za duka lake.

Najua huko uliko umeacha kila kitu unasikiliza. Uzi wake uko kwenye kopo, fundo saba. Sikuambii hata moja. Lala salama, mama.

Fundi wako,
Esta